Ukucha wa Nakijwa

Mnaucheka ukucha wangu. Msikatae, nimewasikia tangu jana mkinong'onezana kwamba bibi amekata kucha zote akasahau mmoja, na kwamba uzee sasa umemfika kichwani. Sijasahau kitu. Dole gumba la kulia halikatwi ukucha, na kwa kuwa nimemwona Mbonea akipita na jembe kwenda kuung'oa mche wa parachichi ambao hata miezi miwili haujamaliza, eti umekufa, nitawaambia sababu yake. Mbonea, egemeza jembe hapo ukutani, ukae. Mche kama umekufa, utaendelea kuwa umekufa mpaka nimalize. Na kama uko hai, utanishukuru.

Zamani hizo, ukucha wa binadamu haukuwa na kazi ila kujikuna na kumenya ndizi mbichi. Watu wa milima ya Mhero waliamini macho. Kilichoonekana kibichi kilikuwa hai, kilichoonekana kikavu kilikuwa kimekufa, na hapakuwa na neno la katikati.

Huko Mhero msichana alipoolewa hakwenda kwa mumewe mikono mitupu. Mama yake alikata tawi la mkuyu ulioota nyuma ya nyumba yao, urefu wa mkono wa mtu mzima, akalipaka udongo mbichi upande wa chini na kulifunga kwa jani la mgomba. Bibi arusi alilibeba mwenyewe, hata kama njia ilikuwa ya siku mbili. Alipofika, asubuhi ya pili alilichomeka ardhini kando ya mlango wa mama mkwe, na tangu hapo akawa analimwagilia yeye peke yake. Mtu mwingine hakuruhusiwa kuugusa mti ule hata kwa ncha ya kidole. Watu walisema mizimu ya ukoo iko katika mazungumzo nao, na mtu mwenye adabu haingilii mazungumzo ya wakubwa.

Mwezi ulipoandama mara tatu, mti ulitazamwa. Ukiwa na majani, bibi arusi alipewa mafiga yake matatu, akawasha moto wake, akawa mwenye nyumba. Ukiwa mtupu, ilisemekana wafu wamemkataa. Siku hiyohiyo, kabla jua halijafika utosini, alifunga mzigo wake akaondoka kwa njia aliyojia, peke yake, kwani nani angethubutu kumsindikiza mtu aliyekataliwa na wafu? Vijana wa ukoo waliung'oa mti huku wamegeuza nyuso, wakautupa mzima mzima katika moto wa mama mkwe. Ndivyo ilivyokuwa. Nasi wanadamu mnatujua, jambo likishaitwa mila tunaacha kuliuliza maswali.

Mwenye kuitazama miti alikuwa mwanamke mmoja tu, na jina lake Nakijwa. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye magoti mabovu na maneno machache. Kazi ile aliirithi kwa mama yake. Alisimama mbele ya mti, mikono nyuma, akautazama kuanzia juu mpaka chini, kisha akasema neno lake, na neno hilo halikurudiwa. Watu walimheshimu kwa sababu hakununulika. Mama mmoja aliwahi kumpelekea jogoo usiku wa kuamkia siku ya mti wa mkwewe, na asubuhi Nakijwa alifika na jogoo yule kwapani, akamrudisha mbele ya watu wote, ndipo akautazama mti. Alikuwa na msemo wake: mti haudanganyi. Katika maisha yake aliwarudisha mabibi arusi saba, na kila mara alikwenda nyumbani akala chakula chake akalala, maana aliamini amesema kweli.

Kulikuwa na jambo moja ambalo lingepaswa kumshtua. Ile miti iliyotupwa motoni haikuwaka kama kuni kavu. Ilifuka, ikapiga mluzi, ikatoa povu jeupe kwenye ncha zake. Moshi wake uliwachoma wanawake macho, wakajifuta kwa pindo za nguo wakisema kwamba hiyo ndiyo nuksi inatoka. Nakijwa naye alijifuta, akasema nuksi inatoka. Mwanamke aliyepika tangu utotoni, ambaye angekuambia kwa kunusa tu kwamba jirani leo anapikia kuni mbichi! Mila ilikuwa imemziba pua.

Basi Nakijwa alikuwa na mtoto mmoja, Senkondo. Kijana huyo akaposa ng'ambo ya bonde, mahali panapoitwa Chamwe, mwendo wa siku nzima kwa mtu mwenye miguu mizuri. Msichana aliitwa Namkunda. Arusi ilipangwa ifanyike mvua zikianza, lakini babu yake Namkunda akafariki, wakakaa matanga, na mpaka walipomaliza mambo yao mvua zilikuwa zimekwisha na njia zimeanza kutimka vumbi. Namkunda alifika Mhero kiangazi, na kijiti chake begani kikiwa na majani kumi na moja.

Nakijwa hakuwa mtu wa kupenda haraka. Siku za mwanzo alimtazama mkwewe kama alivyoitazama miti, mikono nyuma. Lakini Namkunda alikuwa na tabia ya kuimba akisaga, na alikuwa hajui kuimba kabisa, sauti inapanda mahali pa kushuka, na akikosea alicheka mwenyewe akaanza upya. Nyumba ile ilikuwa kimya tangu mume wa Nakijwa alipofariki. Halafu jioni moja, bila kuambiwa, msichana alikuja na mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, akakaa chini, akayashika yale magoti mabovu akaanza kuyakanda. Nakijwa alitaka kumkemea, akajikuta machozi yanamlengalenga. Tangu hapo walikula katika bakuli moja. Akisikia sauti ile mbaya ikiimba uani, alikuwa akisimamisha kazi yake asikilize. Alimpenda, nisiwafiche. Alimpenda kama mtoto aliyemzaa na kumnyonyesha.

Na kila asubuhi aliyahesabu majani.

Mwezi wa kwanza yalianza kugeuka manjano. Likaanguka la chini, likafuata la pili. Namkunda alimwagilia asubuhi na jioni, maji aliyoyafuata mbali kwenye chemchemi iliyokuwa ikikauka, na kila jani lililoanguka aliliokota akalifunga katika pindo la nguo yake.  Yalipobaki manne, kuimba kukapungua. Mwezi ulipoandama mara ya pili lilikuwa limebaki moja, juu kabisa, limejikunja, na siku upepo ulipolichukua wote wawili walikuwa uani na wote wawili wakajifanya hawakuona.

Siku chache kabla ya mwezi wa tatu kuandama, Namkunda alikuwa akiyakanda magoti ya mama mkwe wake, akasema bila kuinua uso.

"Mama, kwetu Chamwe mkuyu mkubwa hupukutika kiangazi, tukaudhani umekufa. Mvua ikija unarudi. Nakuomba usubiri mvua."

 Nakijwa aliwaza sana usiku ule na siku iliyofuata. Kusubiri mvua lilikuwa jambo dogo, miezi miwili tu, pengine mitatu. Nani angekufa kwa kusubiri? Lakini alikumbuka kwamba wale saba waliotangulia hakuna hata mmoja aliyesubiriwa. Na kama akili yake ingetaka kusahau, alikuwapo wa kumkumbusha.

Jirani yake aliitwa Nanzia. Miaka mitano nyuma, mkwewe Nanzia alikuwa wa mwisho katika wale saba. Mtoto wa Nanzia alipiga magoti mbele ya Nakijwa siku ile akaomba, akaambiwa mti haudanganyi. Hakuoa tena, na mama yake hakusahau. Sasa Nanzia akaja kuomba moto, ingawa moto kwake ulikuwepo, akasimama mlangoni akautazama ule mti mtupu kwa muda mrefu.

"Tunalisubiri jicho lako, Nakijwa," alisema kwa upole. "Tuone kama ni lilelile."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nakijwa aliyajua maneno hayo hata kabla hayajasemwa nyuma ya mgongo wake. Maisha yake yote hakuwa na mali wala ng'ombe wa kujivunia. Alichokuwa nacho ni kwamba jicho lake halikupendelea mtu. Akimsubiria mvua mkwe wake mwenyewe, basi wale saba aliwadhulumu. Na akikubali kwamba aliwadhulumu wale saba, yeye ni nani? Hilo ndilo lililomshinda. Ilikuwa rahisi zaidi kumpoteza mtoto kuliko kuuliza swali hilo, na mimi, wajukuu zangu, kila nikifika hapa moyo huniuma kwa ajili ya yule msichana na huniuma kwa ajili ya Nakijwa pia.

Siku ikafika. Watu wakajaa uani. Senkondo alimsihi mama yake alfajiri mpaka sauti ikamkauka, kisha akaingia ndani akajifungia. Nakijwa alisimama mbele ya mti, mikono nyuma. Aliona kijiti cha kijivu, gome limesinyaa, ncha imepasuka kwa jua, wala hapakuwa na jani wala chipukizi. Alikitazama kuanzia juu mpaka chini, na waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba mikono ile nyuma ya mgongo ilikuwa imeshikana kama inayozuiana.

"Mti umekufa," alisema.

Namkunda hakulia. Pengine alikuwa amekwisha kulia zamani, huko chemchemini. Mzigo wake aliufunga tangu jana, ulikuwa mdogo. Alimwinamia mama mkwe wake kwa heshima kama siku ya kwanza, akamwomba jambo moja tu.

"Usiwaachie vijana, mama. Uung'oe kwa mikono yako."

Kisha akateremka njia ya bondeni, peke yake, na watu wakageuza nyuso kama ilivyopasa. Nakijwa peke yake hakugeuza. Alimtazama mpaka migomba ya chini ilipomficha.

Watu walitawanyika. Nanzia aliondoka wa mwisho, na hakuonekana mwenye furaha. Jua likapita utosini. Vijana walikuja kuung'oa mti, Nakijwa akawafukuza, akasema ameombwa. Akaingia ndani, akatoka, akafagia uani palipokwisha kufagiwa. Mchana wote ukaisha hivyo. Jua lilipoanza kuinama akaona hakuna namna, akaenda akapiga magoti yale mabovu kando ya mlango, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaushika mti wa bibi arusi usio wake mwenyewe.

Akauvuta, haukuja. Akashangaa, maana kijiti kilichokufa ardhini hung'oka kama jino la mtoto. Akakaza mkono, akasukuma dole gumba kwenye gome apate nguvu, na ukucha ukateleza ukachubua. Gome lile la kijivu lilikuwa jembamba kama ngozi ya kitunguu. Chini yake palikuwa na kijani. Kijani kibichi kabisa, chenye unyevu, na alipokuwa anakitazama, tone la utomvu mweupe likachuruzika taratibu likaja mpaka kwenye kidole chake.

 Nakijwa alikaa vilevile, dole limenata. Alikwaruza tena, chini kidogo, akakuta kijani. Akafukua udongo kwa vidole na kukuta vijizizi vyeupe, vyembamba kama nywele za mzee, vimeshikilia ardhi kwa nguvu zao zote. Mti ule haukuwa umekufa hata siku moja. Ulikuwa umeyaacha majani ili upate kuishi, ukakaa kimya ukingoja mvua, kama msichana alivyosema.

Hapo ndipo pua yake ilipozibuka. Akaunusa ule moshi wa miaka yote. Akasikia ile miluzi, akaliona lile povu jeupe, akawaona wanawake wakijifuta macho na yeye mwenyewe akijifuta, na nyuma ya moshi akawaona wale saba, mmoja mmoja, wakiteremka na mizigo yao midogo.

Alimwita Senkondo kwa sauti ambayo kijana hakuwahi kuisikia. Alipotoka akamkuta mama yake amelala kifudifudi, anarudishia udongo kwa mikono miwili, anaushindilia kidogo kidogo kama anayemfunika mtoto.  Alimwonyesha tu lile chubuko. Senkondo aliona, akaelewa, akakimbia hata viatu hakuvaa.

Alifika Chamwe asubuhi iliyofuata. Mama yake Namkunda alikuwa uani anaanika mtama, na alipomwona mkwewe peke yake, ungo ulimponyoka. Senkondo aliuliza kama Namkunda amefika. Yule mama akakaa chini juu ya mtama wake, akamweleza jambo ambalo huko Mhero hakuna aliyewahi kuuliza. Mwanamke aliyerudishwa na mti, alisema, hapiti tena mlango wa mama yake. Anaogopa kukileta kifo cha mti nyumbani, kikaushike ule mkuyu wa nyuma ya nyumba ulikokatwa tawi, na ndugu zake wasiolewe. Anafika njia panda ya chini, anaangalia moshi wa kwao, halafu anashika njia ya tambarare, kwenye nchi za watu wasiomjua. Watu wa Mhero wakisema wanawarudisha wasichana kwao, walikuwa wanasema tu. Hakuna aliyerudi.

Njia panda Senkondo alikuta rundo dogo la majani makavu yaliyojikunja. Aliyahesabu, yalikuwa kumi na moja, hata lile la upepo alikuwa amelifuata. Nyayo zilikwenda tambarare mpaka kwenye mawe, na baada ya mawe hapakuwa na nyayo. Alirudi Mhero siku ya nne, akamwambia mama yake yote hayo akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kukaa wala maji hakunywa. Alifunga mzigo. Hakumlaumu, na Nakijwa angependa alaumiwe. Alisema tu kwamba anakwenda kumtafuta mkewe. Naye pia akateremka njia ileile, na mama yake akamtazama mpaka kwenye migomba.

Alibaki na mti. Akawa anaumwagilia yeye, kwa kibuyu cha Namkunda, kutoka chemchemi ileile, na magoti yake mnayajua. Mvua zilichelewa mwaka ule. Zilipokuja, siku ya tatu asubuhi, yale macho ya mti yaliyofumba yakafumbuka. Kwanza vijichipukizi vyekundu vidogo kama ulimi wa paka, kisha majani. Yalikuwa mengi kuliko kumi na moja. Watu walipita njiani wakasimama wakaangalia, wakainamisha vichwa wakaenda zao. Nakijwa aliketi kando yake mvua ikimnyeshea, na hapo ndipo alipolia.

Nanzia alikuja akasimama mbele yake. Hakuja kuomba moto safari hii.

"Na wa kwangu?" aliuliza. "Wa kwangu ulitoa povu, Nakijwa. Niliuona kwa macho yangu ukitoa povu."

Nakijwa angeweza kusema hajui. Angeweza kusema ni mizimu, ni mila, ni mama yake aliyemfundisha hivyo, na yote yangekuwa na ukweli ndani yake. Alimtazama jirani yake usoni.

"Ulikuwa hai," alisema.

Nanzia alikaa chini palepale kwenye matope. Wakakaa wawili, kila mmoja na wake, mpaka mvua ilipokatika.

Kesho yake Nakijwa alianza kuzunguka. Alikwenda katika nyumba zote saba, akiwa na fimbo, na katika kila nyumba alisimama uani akasema kwa sauti ya kusikika kwamba aliwatazamia mti kwa macho tu, hakuugusa, na kwamba alisema umekufa bila kujua. Wengine walimfukuza. Mzee mmoja alimtemea mate. Mama yule wa jogoo alimkaribisha ndani, akamkorogea uji, na wakanywa bila kusemezana, na Nakijwa alisema baadaye kwamba uji ule ulimshinda kumeza kuliko yale mate.

Wazee wa ukoo walitaka mila iachwe kabisa, usipandwe tena mti mlangoni. Nakijwa akakataa. Akasema mti hauna kosa, ulisema kweli tangu mwanzo, ila yeye hakujua kuuliza. Aliwafundisha wanawake wa Mhero namna ya kuuliza. Unakwaruza kidogo kwa ukucha, karibu na ncha. Ukikuta kijani, unaacha. Ukikuta kahawia na pakavu, hujapata jibu bado, unateremka shubiri moja unakwaruza tena. Mti hufa kuanzia juu, na mara nyingi uhai wake hukimbilia chini ukajificha karibu na udongo. Ukifika udongoni bado hujapata, unasubiri mvua. Mvua ikipita bila kitu, ndipo unaruhusiwa kusema neno. Na kwa kuwa kazi hiyo inahitaji ukucha wenye makali, Nakijwa aliacha kuukata wa dole gumba la kulia. Hakuukata mpaka anakufa. Ulibaki na doa la utomvu ambalo maji hayakuliondoa.

Aliishi miaka mingi, pengine mingi kuliko alivyotaka. Mkuyu ukakua ukalipita paa, ukazaa, ndege wakaujia. Kila mwanamke aliyepanda njia ya bondeni na mzigo, Nakijwa alisimama. Akimtambua kuwa si yeye, alikaa. Senkondo hakurudi. Wapo waliosema walimwona nchi za tambarare, ana mke na watoto, na mke huyo anaimba vibaya akisaga. Wapo waliosema walimwona peke yake. Nakijwa alichagua kuwaamini wa kwanza, akawa akiwaomba wamsimulie tena, hasa hapo pa kuimba. Namkunda hakurudi. Mvua zilikuja na kwenda, na hakurudi.

Na tangu siku hiyo watu hawauhukumu mche kwa majani. Huukwaruza kwanza, na hii ndiyo sababu sisi wanawake wazee wa ukoo wetu tunafuga ukucha mmoja. Wengine husema hata mkuyu wenyewe ulijifunza kitu. Nendeni mkautazame wowote mtakaouona, gome lake linabambuka lenyewe kwa vipande vyembamba kama karatasi, na chini yake kijani kinajionyesha bila kuulizwa. Haukutaka tena msichana yeyote apotee kwa sababu yake.

Sasa Mbonea, chukua mkono wangu uniinue, twende kwenye huo mche wako. Lakini niwaambie kwanza jambo moja ambalo baba zenu hawalijui.

Mimi nilipoolewa katika nyumba hii nilikuja na kijiti changu kama wenzangu. Mama mkwe wangu alikikwaruza ncha, pakavu. Akateremka, pakavu. Akafika udongoni, kahawia tupu. Tukasubiri mvua. Mvua ikanyesha, mito ikajaa, wiki zikapita, na changu hakikutoa hata chipukizi moja. Kilikuwa kimekufa, wanangu. Hakukuwa na kijani popote. Siku ile nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo wangu, nimesimama nyuma ya mlango, nikamsikia anaingia. Akanishika mkono, huu, akanibonyeza hapa kwenye kifundo cha mkono kwa ule ukucha wa dole gumba lake mpaka nikaguna, akatazama ngozi inavyorudia rangi yake.

Akasema, "Wewe uko hai. Kesho tutapanda mwingine."